Redio ya pili ilikuwa imelala: nilivyoiamsha

Mwezi mzima redio yetu ya pili, ile ya kurusha data hewani kutoka jengo moja hadi jingine, ilikula umeme bure. Ofisi iko ghorofani Kariakoo, ghala liko Vingunguti, na bosi alikubali kutoa milioni na kitu tununue jozi ya pili ili nakala za seva zifike ghalani kabla ya watu kuingia kazini. Nikafunga, OSPF, itifaki ambayo ruta huambizana njia, ikaziona njia zote mbili kwa gharama sawa, amri ya ip route ikaonyesha milango miwili ya kutokea. Nikaenda kulala. Saa tatu asubuhi nakala bado inakwenda. Redio ya kwanza imejaa, megabiti 90 kwa sekunde. Ya pili haina hata mgeni.

Fundi mmoja mzoefu akaniambia jinsi ya kugawa pakiti, vile vipande vidogo vya data: "Kaka, pakiti moja huku, moja kule, huo ndio mgao wa haki." Ushauri huo ulinila wiki nzima na hadi leo unaniudhi, maana bado watu wanapeana. Nilitumia iptables, chombo cha Linux cha kuwekea pakiti sheria, na moduli yake ya statistic, kila pakiti ya pili nikaipa alama yake na jedwali lake la njia. Grafu zikapendeza, mistari miwili inakwenda sambamba kama reli. Kisha nikapima mkondo mmoja, yaani muunganisho mmoja wa mashine mbili, kwa iperf3, programu ya kupima kasi: megabiti 55! Chini kuliko redio moja peke yake.

Nikakaa na tcpdump, programu ya kuchungulia pakiti, pale ghalani hadi saa tano usiku. Redio ya pili inapata usumbufu zaidi hewani, inarudia kutuma, kwa hiyo inachelewa milisekunde kadhaa. Pakiti ya nane inafika kabla ya ya tano. Mpokeaji anarudia uthibitisho uleule, na ukirudiwa mara tatu, TCP ya mtumaji, itifaki inayohakikisha data inafika, huamini kuna pakiti iliyopotea: inaituma upya na kupunguza mwendo. Hakuna kilichopotea. Zilipishana tu njiani. Usiku uleule nikafuta sheria zote.

Kumbe kerneli ya Linux yenyewe, kiini cha mfumo wa ruta, haikukosea. Kwa kawaida inachagua njia kwa heshi, namba inayokokotolewa kutoka anwani mbili, ya mtumaji na ya mpokeaji, ili mkondo mmoja ubaki njia moja na pakiti zisipishane. Ofisi yenye kompyuta mia ikitoka intaneti, mzigo unagawanyika vizuri tu. Kwetu ni seva moja inaongea na hifadhi moja: anwani zilezile, heshi ileile, redio ileile kila siku. Dawa ipo tangu kerneli 4.12 ya mwaka 2017, mpangilio wa net.ipv4.fib_multipath_hash_policy=1, nao unaingiza namba za poti, zinazotofautisha mikondo ya mashine zilezile, kwenye hesabu. Iweke kwenye ruta za pande zote mbili, maana kila ruta huamua pakiti zinazotoka kwake tu. Siku ya kurudisha mafaili kutoka ghalani utaihitaji upande ule.

Ila rsync moja, programu yetu ya kunakili mafaili, ni mkondo mmoja, na mkondo mmoja haugawanyiki. Hapa ndipo ninapojivunia. Niligawa folda, nikaendesha rsync nne kwa pamoja kupitia amri ya xargs -P. Kila moja inatoka na poti yake, kwa hiyo kila moja ina heshi yake. Usiku wa kwanza tatu zikaangukia redio moja! Nikapiga hesabu: mikondo minne ina nafasi moja kati ya nane ya kwenda yote upande mmoja, minane, moja kati ya 128. Nikaweka minane. Jumla ikapanda hadi megabiti 155 hivi.

Halafu fundi wa paa akakata kebo ya redio ya pili kule Vingunguti. Upande wa Kariakoo redio inawaka, tundu la kebo kwenye ruta liko hai, lakini nusu ya mikondo inamwagika shimoni hadi OSPF imalize kusubiri sekunde zake 40. Sasa nina BFD, inayogundua haraka njia iliyokufa, ndani ya FRR, programu inayoendesha OSPF kwenye ruta. Chaguo-msingi lake, milisekunde 300 mara tatu, lilikuwa kali mno kwa redio inayoyumba, nimeweka 500.

Wiki ya tatu hii nakala inaisha saa kumi na nusu alfajiri. Jana nilimwonyesha bosi grafu zote mbili kwenye simu, naye akauliza kama redio ya tatu ingesaidia.