Nilijiandaa kwa uchungu, maziwa yakanikuta sijajiandaa

Begi lilikuwa tayari tangu wiki ya 36: doti mbili za kanga, pamba, glovu, beseni, nguo za mtoto, na kadi ya kliniki juu kabisa. Masomo ya kliniki niliyasikiliza yote, na dalili za hatari za ujauzito ningekutajia bila kukwama. Kumbe nilikuwa nasomea mtihani wa siku moja.

Wiki za mwisho zilinichekesha kuliko kuniumiza, ukiondoa kiungulia kilichonifanya nilale nimekaa kama abiria wa basi la usiku. Mara mbili tulikodi bajaji kutoka Tabata saa nane usiku, tumbo linakaza, linaachia, mume wangu macho kwenye saa. Mara zote mbili nesi alipima njia, akasema bado, nirudi nikatembeetembee. Uchungu wenyewe ulikuja wiki ya 40 na siku nne, na huo haukuhitaji saa. Sitausimulia. Wameusimulia wengi, na mengi waliyosema ni kweli.

Siku ya tatu ndiyo hakuna aliyenitajia.

Siku mbili za mwanzo nilikuwa na matone tu, mazito, ya njano. Mtoto ananyonya, analala dakika kumi, analia tena. Mama mkwe alikuwa ameshafika kutoka Rombo na mkungu wa ndizi za mtori. Akayatazama yale matone, akasema kwa upole, "Mwanangu, huyu ana njaa. Tumpe hata maji ya sukari kidogo." Nikaanza, "Mama, nesi alisema..." Akaniangalia tu. Yeye amelea watoto sita. Mimi nilikuwa na uzoefu wa siku mbili.

Usiku wa kuamkia siku ya tatu niliamshwa na kifua. Matiti yalikuwa magumu kama maembe mabichi, yanawaka, uvimbe umepanda mpaka kwapani. Ungedhani sasa shida imekwisha, maziwa si yamekuja? Lakini titi lilijaa mpaka chuchu ikawa bapa, mtoto akiikamata inamponyoka. Akifanikiwa, anashika ncha, na ncha ilikuwa imeshapasuka. Nilinyonyesha nimeng'ata kanga.

Siku hiyohiyo likizo ya mume wangu ikaisha. Sheria inampa baba siku tatu, mimi ikanipa 84. Aliyepanga hesabu ile sidhani kama aliwahi kuwa nyumbani siku ya nne. Mchana nikaangua kilio juu ya bakuli la mtori. Mama mkwe akauliza kulikoni, nikasema mtori umezidi chumvi. Haukuwa umezidi.

Asubuhi iliyofuata nikaenda zahanati. Nesi niliyemkuta, mama wa makamo, hakunipa somo lolote. Alisema, "Hebu mnyonyeshe nione." Akaangalia kidogo, akacheka. "Wewe unampa chuchu. Mtoto hanyonyi chuchu, ananyonya titi."

Alinionyesha kwa mikono yake. Kwanza kitambaa cha maji ya uvuguvugu juu ya titi. Kisha kukamua kidogo kwa mkono, mpaka ile sehemu nyeusi ilainike. Halafu kumgusisha mtoto chuchu mdomoni na kusubiri, hata akilia, mpaka apanue mdomo kama anayepiga miayo. Hapo ndipo unamvuta yeye aje kwenye titi. Mimi nilikuwa nainama kumfuata, ndiyo maana hata mgongo uliniuma. Kidevu kiguse titi, mdomo wa chini ubinuke nje. Akimaliza, kitambaa cha baridi. Kwenye mpasuko nipake tone la maziwa yangu, niache likauke. Nimnyonyeshe mara nane hadi kumi na mbili kwa siku, na usiku umo. Titi likiwa jekundu sehemu moja na homa ikipanda, nisikae nyumbani kujikanda, nirudi haraka, na nisiache kunyonyesha.

Maumivu hayakuondoka siku ile. Yalichukua wiki nzima kuisha, na kila nilipochoka nilirudia kumpa ncha, nikaadhibiwa papo hapo.

Kazi kubwa ilibaki kwa mama mkwe. Mtoto alizaliwa na kilo 3.1. Siku ya saba mizani ikasema 2.9. "Si nilisema?" Nesi akamweleza kwamba watoto wengi hupungua kidogo siku za mwanzo, kisha huurudia uzito wao ndani ya wiki mbili hivi. Mama mkwe akaitikia kwa heshima, na tulipokuwa tunarudi akapita duka la dawa kununua maji ya gripe, yale ya kutuliza tumbo la mtoto. Sikubishana. Nilimwambia, "Mama, tuhesabu nepi zilizolowa. Zikiwa chini ya sita kwa siku, tutarudi zahanati." Hilo alilipenda, kwa sababu nepi za kitambaa alikuwa anazifua yeye. Kila jioni alisimama mbele ya kamba akihesabu kwa kidole: saba, nane, siku moja kumi. Lile joto la Dar lilimsumbua bado, akisema mtoto ana kiu. Nikamwambia maziwa ya mama karibu yote ni maji. Akasema, "Haya," ile haya ya mtu ambaye hajakubali.

Siku ya 14 mizani ikasoma 3.2. Aliniomba nimsomee kadi mara mbili.

Chupa ya gripe ilikaa dirishani arobaini yote, kizibo hakijaguswa. Siku ya kuondoka akaifunga kwenye mfuko, akaiweka katikati ya vitenge vyake. "Huku hamuihitaji," akasema. "Nyumbani wapo wanaoihitaji."