Arusha Ina Saa Zake za Kula

Jumatano, usiku

Binamu yangu anahamia Arusha kikazi kutoka Dar. Leo amenitumia ujumbe: "Dada, nitajie migahawa mizuri ya huko." Nikaanza kumwandikia majina, kisha nikayafuta, kwa sababu majina peke yake hayamsaidii mgeni wa mji huu. Mahali panapokufurahisha saa moja asubuhi, ukirudi saa saba mchana unakuta sufuria zimeshaoshwa na mama mwenyewe amekwenda sokoni kutafuta vya kesho. Hapa kila chakula kina saa yake, na ukiikosa saa umekikosa chakula. Nimeamua kumwandikia saa.

Asubuhi ni ya mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Mji uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru, na ikifika Juni na Julai tunatembea na makoti mpaka jua la mchana. Kwa baridi ile, chai na andazi havikufikishi mbali. Supu ya ng'ombe na chapati inafaa sana, siikatai, lakini mimi nikitaka kujua kama mpishi anaijua kazi yake naonja mtori wake. Hauwezi kuharakishwa. Mifupa na nyama vinachemshwa kwanza mpaka supu ikolee. Ndizi mshare zinamenywa na kutiwa kwenye maji zisiwe nyeusi, halafu zinaivia ndani ya supu ileile ndipo zipondwe. Anayepika ndizi kando kwa maji matupu kisha akamwagia supu juu, utamjua kwa kijiko cha kwanza: ndizi ina ladha yake, supu ina ya kwake. Mtori uliolala nao haujifichi. Umeganda, na ukiongezwa maji ya moto unapoa ladha hata kama unatoa mvuke.

Kwa Wachaga mtori ni chakula cha mzazi. Nilipojifungua, mama mkwe wangu alinipikia kila siku na kusimama pembeni mpaka bakuli liishe. Huenda ndiyo sababu nahisi kutunzwa ninapoletewa bakuli hata na mtu nisiyemfahamu. Mama ninayekula kwake, jirani na soko la Kilombero, ananijua kwa sauti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo umechelewa, nimekuwekea wa chini."

Wa chini ndio wenye nyama. Hakuna mgahawa wenye vitambaa vya meza uliowahi kunifanyia hivyo.

Mchana ni wa mama lishe, kuanzia saa sita na nusu. Ndizi nyama, makande, wali maharage na mchicha, ugali na dagaa. Ninachompa binamu ni ushauri mmoja tu: atazame wanakokula wapakia mizigo na makondakta. Hao wanafanya kazi ya nguvu na fedha yao ni ya jasho, hawarudi mara mbili mahali walipopunjwa. Baada ya saa nane asiende.

Jumatano na Jumamosi kuna gulio la Tengeru, kwenye barabara ya Moshi, na hapo nataka aonje loshoro: mahindi na ndizi, pamoja na maziwa mgando, chakula cha Wameru na Waarusha. Mtu wa pwani atashtuka na ule uchachu. Naomba asiache bakuli kwa sababu hiyo, ale mpaka katikati ndipo aamue.

Jioni nitampeleka mwenyewe Khan's, pale Mosque Street. Mchana ni gereji na vipuri vya magari. Jua likizama yanawashwa majiko ya mkaa, zinapangwa meza, na harufu ya kuku na mishkaki inajaa mtaa mzima. Nampenda yule kuku kwa viungo vyake na kwa naan anayoliwa nayo, lakini zaidi napenda watu wanaokaa pale. Meza moja familia ya Kihindi na watoto wao, meza inayofuata madereva wa utalii waliorudi kutoka Ngorongoro na vumbi lao, na wote wanagombea sahani zilezile za kachumbari. Mgeni akitaka kuujua mji huu kwa jioni moja, akae hapo.

Migahawa ya wazungu, yenye kahawa nzuri na menyu ndefu, ataiona mwenyewe. Mingine ni mizuri kweli. Sina imani tu na jiko linaloahidi vyakula arobaini kwa saa zote, kwa sababu hakuna anayeweza kuvipika vyote papo hapo.

Jumapili ni Kwa Mrombo, eneo la nyama choma hapa mjini. Hapo namsisitizia utaratibu, maana watu wengi wanakaa kwanza, wanaagiza vinywaji, wanapiga soga, halafu wanalalamika kwamba wamecheleweshwa. Ukifika nenda moja kwa moja buchani, chagua kipande chako cha mbuzi, kipimwe mbele yako, lipia na waambie wachome pamoja na ndizi. Baada ya hapo ndipo utafute kiti. Na uende na njaa ya saa nane, maana utakula saa tisa na nusu.