Upotevu wa maziwa uliogoma kushuka: jinsi nilivyotatua

Wenzangu mnaosindika maziwa, jana nimelala usingizi mzuri, kwa hiyo naandika.

Kiwanda chetu kidogo hapa Moshi kilikuwa kinaonyesha upotevu wa asilimia 4.5, kati ya maziwa yanayopokelewa na yanayofungashwa. Tulibadilisha vali, tukakagua mabomba, tukapima pakiti upya. Kiashiria hakikusogea.

Asubuhi moja nikakaa mapokezi na dada anayepokea maziwa ya wafugaji. Anapima kwa mizani, anaandika kilo. Na daftari lake lilikuwa sahihi siku zote! Ila kule kwenye kufungasha tunahesabu lita, na ripoti ilikuwa inatoa lita kwenye kilo. Lita moja ya maziwa ina uzito wa kama kilo 1.03, hivyo kilo 1,000 ni lita 971 tu. Kati ya ile asilimia 4.5, karibu asilimia 3 haikuwahi kuwepo.

Sasa kilo za mapokezi tunazigawanya kwa 1.03 kwanza, na kila safu ya ripoti ina kipimo chake juu, kilo au lita. Tunasoma asilimia 1.6. Hiyo ni ya kweli: maziwa yanayobaki kwenye mabomba kabla ya kuosha. Hayo ndiyo tunayoyafuatilia wiki hii.