Binti wa Soultz na mlima wetu

Hapa Mulhouse, mashariki mwa Ufaransa, ukisema unatoka Tanzania, utajibiwa Kilimanjaro, Serengeti au Zanzibar, basi. Nimeshazoea. Lakini kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi yuko mzee mmoja, zamani mchimbaji wa potasi, ambaye nilipomtajia kwetu aliweka kijiko chini akasema: "Ol Doinyo Lengai." Kulitamka alilitamka vibaya, lakini ni huo huo. Nikadhani aliwahi kuja kutalii. Wapi! Miaka mingi iliyopita alikata tiketi akaenda ukumbini kuwasikiliza mke na mume wakisimulia safari zao za volkano, na picha iliyomganda kichwani ni ya mlima unaotapika lava nyeusi kama oili chafu ya gari.

Mimi nimekulia Engaruka. Tukipanda gari la mzigo kwenda Engare Sero tulikuwa tunauona Lengai mbele yetu, umechongoka, na watu wazima hawakupenda tuunyooshee kidole. Kwa Wamaasai ni Mlima wa Mungu. Mwaka 2007 ardhi ilitikisika hadi Arusha na Nairobi wakasikia, kisha mlima ukalipuka na majivu yakaanguka kwenye malisho. Yote hayo nayajua. Ila kwamba kuna mwanamke wa huku Alsace aliyeufuata mlima huo kikazi, hilo nimekuja kuambiwa na mzee wa Kifaransa mwenye bakuli la supu mkononi.

Jina lake Katia Krafft. Alizaliwa mwaka 1942 Soultz, mji mdogo usio mbali na hapa. Nilikwenda siku yangu ya mapumziko. Kuna kanisa la mawe mekundu, mizabibu ya Guebwiller imepanda mteremkoni, na nyuma yake Grand Ballon, kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya Vosges: mita 1,424. Mtu wa Arusha hapo anacheka kimoyomoyo. Volkano hai hakuna hata ya dawa.

Sasa binti wa mahali kama hapo akaenda Chuo Kikuu cha Strasbourg, akasoma fizikia na kemia, akaangukia gesi za volkano. Gesi si jambo dogo. Magma ikianza kupanda kutoka chini, gesi ndiyo hutangulia kutoka, kwa hiyo anayeijua gesi anaweza kupata fununu kabla ya mlipuko. Ila kuipima vizuri, hasa zama zile, ilibidi usogee mpaka kwenye ufa wenyewe unaotoa moshi, uingize bomba, uivute kabla haijachanganyika na hewa, huku kiberiti kinakuchoma koo na jiwe unalokanyaga lina joto. Mwaka 1969 kazi hiyo ilimpatia Prix de la Vocation, tuzo ya Ufaransa ya kuwainua vijana wenye wito wa kazi fulani.

Mwaka uliofuata aliolewa na Maurice Krafft, mwanajiolojia wa huku huku, mdogo kwake kwa miaka minne. (Mashangazi, nimewasikia.) Watoto hawakupata, na haikuwa bahati mbaya, ndivyo walivyoamua. Nilipomsimulia mama kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na kwao walikubali?" Sikuwa na jibu.

Maisha yao yalikuwa kiguu na njia. Wakisikia mlima umeamka Indonesia, Hawaii au Iceland, wanafunga mizigo. Pesa walitafuta wenyewe kwa vitabu, filamu na mihadhara ya ukumbini kama ule wa mzee wangu. Maurice alishika kamera ya filamu na ndiye msemaji. Katia alipiga picha, akakusanya sampuli, akaweka kumbukumbu. Iko picha yake moja amevaa nguo ya rangi ya fedha ya kukinga joto, na mwili wake ule mdogo, amesimama mbele ya ukuta wa moto. Mumewe ndiye aliyependa vituko. Alipoingia na mtumbwi wa mpira wa kupulizia kwenye ziwa la tindikali la Kawah Ijen, volkano ya Indonesia, Katia alikataa kupanda, na alikasirika. Hapo nilimpenda zaidi.

Kwetu walifika mwaka 1988. Lava ya Lengai haina mfano duniani: nyepesi, nyeusi, na joto lake ni kidogo. Vipimo ambavyo Maurice alivichapisha pamoja na Mjerumani Jörg Keller vilionesha nyuzi 544 pale palipokuwa na moto kuliko kwingine, wakati lava za kawaida huzidi hizo kwa mamia ya nyuzi. Mchana huoni hata wekundu wake, unaweza kudhani ni tope. Ikipata unyevu inageuka nyeupe, ndiyo maana wageni wakiwa mbali huuliza kama kule juu kuna theluji.

Walikuwa wamefika hata Nyiragongo, miaka ya sabini, wakapiga kambi ndani ya kasoko juu ya ziwa la lava. Jirani yangu hapa ni mtu wa Goma. Januari 2002 lava ya mlima huo ilipita katikati ya mji wao. Nilipomwonesha picha za wazungu wamekaa ukingoni wakitazama moto, hakusema neno. Alirudisha simu yangu akaendelea kukatakata sombe.

Wafaransa wakisimulia habari za hawa wawili hupenda kuishia kwenye mapenzi: walipendana, wakafa pamoja. Sawa. Lakini mimi naona wanaruka kipande kikubwa. Baada ya mlima St. Helens wa Marekani kulipuka mwaka 1980, Katia na mumewe waligeukia zaidi volkano walizoziita za kijivu, zile zinazolipuka na kuua, si zile nyekundu za kutiririka. Novemba 1985 Nevado del Ruiz ililipuka Colombia. Barafu ya kileleni ikayeyuka, tope likashuka mabondeni kwa saa mbili na zaidi, likaufukia mji wa Armero usiku. Zaidi ya watu 20,000 wakafa. Na ramani ya maeneo ya hatari ilikuwa imeshachorwa! Watu hawakuelewa, au hawakuamini, au hawakuambiwa kwa lugha ya kueleweka.

Basi wakatumia picha zao, za miaka yote ile ya kukaribia moto, kutengeneza video ya kuonesha raia na viongozi kile ambacho volkano inaweza kufanya. Hakuna mahaba humo. Ni matope, majivu, na miili.

Tarehe 3 Juni 1991 walikuwa Unzen, Japani. Wingu la gesi na majivu ya moto lilishuka kubwa kuliko yaliyotangulia, likawapitia. Walikufa watu 43, wakiwemo waandishi wa habari, wazima moto na madereva wa teksi, pamoja na mwanavolkano Harry Glicken wa Marekani.

Wakati huo, Ufilipino, Pinatubo ulikuwa unafuka, na wataalamu walikuwa wakiwaonesha watu video ile ile. Wengi walikubali kuhama. Tarehe 15 Juni mlima ulilipuka, moja ya milipuko mikubwa kabisa ya karne ile. Mamia walikufa, wengi kwa kuangukiwa na mapaa yaliyolemewa na majivu yaliyolowa mvua, lakini maelfu walikuwa wameshaondoka.

Video hiyo niliipata mtandaoni. Mdogo wangu, anayewapandisha wageni Lengai usiku kwa taa za kichwani, aliitazama akasema Kiingereza chake kinakwenda mbio mno. Kwa hiyo nikitoka zamu ya jioni, kwenye basi, namtumia ujumbe wa sauti, namweleza kipande kimoja kimoja kwa Kiswahili. Juzi tumefika kwenye matope ya Ruiz. Ameuliza maswali mengi kuhusu mabonde.