Mwaka Umekogwa Makunduchi

Nimerudi mjini jana usiku. Nguo zangu bado zinanuka moshi wa makuti na sina haraka ya kuzifua.

Nilifika Makunduchi, kusini mwa Unguja, siku mbili kabla ya Mwaka, sherehe ya jadi ya mwaka mpya, nikiwa na rafiki yangu wa kutoka Arusha. Khalati, mama yangu mdogo, alitupokea mlangoni na baada ya salamu akauliza, "Umeleta mgeni mmoja tu?" Kule kuna imani kwamba nyumba isiyokuwa na mgeni siku ya Mwaka haina heri. Rafiki yangu hakujua kwamba kwa kukubali tu kuja, tayari amewafanyia wenyeji wake hisani.

Kesho yake ilikuwa bamvua. Maji yalitoka mbali kiasi cha kuuona mwamba, na khalati akashuka pwani na wenzake kwenye mashamba ya mwani. Zao hili liliingia vijiji vya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na tangu hapo limekuwa kazi ya wanawake zaidi. Unachomeka vijiti mchangani, unakaza kamba katikati, unafunga vipande vya mwani kimoja kimoja, kisha unasubiri kama wiki sita. Tulifunga kamba tatu, nikadhani kiuno kitakatika. Yeye alikwisha kufunga nyingi, anazungumza tu.

Alinieleza habari ya kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi. Siku hizi bahari ya karibu na ufuo ina joto, kotonii inapauka na kukatika, kwa hiyo wengi wamebaki na spinosamu, ambayo bei yake ni ndogo. Kotonii inataka maji ya kina, na wengi wa wanawake hawa hawajui kuogelea. Hilo limenikaa moyoni. Mwani wao unasafirishwa nje ukatengenezewe dawa ya meno na aiskrimu, na wao wanaogopa kusogea hatua ishirini mbele.

Wakati wa kurudi tulipita penye makumbi ya nazi yaliyofukiwa mchangani na kuzungushiwa mawe. Yanakaa humo miezi hadi yaoze, kisha yanatwangwa, usumba, yaani nyuzi zake, unatoka, kamba inasokotwa kwa viganja. Nyuma ya nyumba, ardhi ni mawe matupu, ila kila penye udongo kidogo pameotesha kitu: muhogo, kunde, mbaazi. Watu wanalima kwa kuyazunguka mawe. Rafiki yangu, aliyekulia kwenye udongo wa Meru, alisimama hapo muda mrefu bila kusema neno.

Siku ya Mwaka yenyewe nitaieleza kwa ufupi, kwa kuwa hiyo ndiyo inayopigwa picha. Wanaume wa pande mbili walipigana kwa magomba, vinyongo vya mwaka mzima vikatoka. Wanawake, wamevaa wakapendeza, walizunguka kiwanja wakiimba na kuwakebehi wanaume. Kibanda cha makuti kikatiwa moto, waliokuwa ndani wakachomoka mbio. Wazee wanasema ni Nairuzi, sikukuu ya mwaka mpya ambayo asili yake ni Uajemi. Lakini maneno niliyoyasikia pale yalikuwa Kikae kitupu, lahaja ya kule, na nusu yake sikuyaelewa, mimi ninayejiita mtoto wa kusini.

Moto ulipozimika, magari ya watalii yakaanza kugeuza. Hapo ndipo niliposikitika. Siwalaumu wageni, wamepangiwa hivyo: waje, waone moto, warudi hotelini kwao. Lakini Mwaka ndiyo kwanza ulikuwa unaanza. Bado kulikuwa na kula, ngoma za usiku, matembezi ya siku zinazofuata. Kijiji hiki kinamhitaji mgeni kwa imani yake chenyewe, tangu kabla hoteli ya kwanza haijajengwa ufukoni. Kingepata faida zaidi kwa mgeni mmoja aliyelala siku mbili, akanunua kamba ya usumba na sabuni ya mwani, kuliko basi zima linalosimama saa moja.

Khalati alikuwa amepika wali mwingi kuliko sisi sote. Alipakua sahani mbili za ziada, akazifunika kwa kawa, akamtuma mjukuu wake barabarani. "Kaangalie kama kuna mgeni aliyeachwa na gari," akamwambia. "Mlete."

Mtoto alirudi wakati wa magharibi, peke yake. Khalati hakuliondoa kawa.