Barua ya Kazi na Ujumbe wa Simu
Hapa Lamu, mama akimwandikia mwanawe kwa simu "ndoo nyumbani" badala ya "njoo nyumbani", sioni kosa lolote, kwa sababu hicho ni Kiamu chake, lahaja ya hapa Lamu, na tahajia sanifu tuliyofundishwa shuleni ilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya Unguja, baada ya kamati ya lugha kuundwa mwaka 1930. Barua ya kuomba kazi ni jambo jingine kabisa. Huko nataka anwani mbili, tarehe, KUH (yaani "kuhusu") iliyopigiwa mstari na "h" zisizodondoshwa, kwani msomaji asiyekujua (na aghalabu ana rundo la barua mezani) hana kingine cha kukupima. Kinachonikera ni walimu wanaowakaripia watoto kwa ujumbe waliotumiana wenyewe kwa wenyewe, kana kwamba kila maandishi ni mtihani.