Daftari la ahadi: tulivyoezeka na kupanua maktaba yetu

Huku Marangu, mlimani Kilimanjaro, kila mtu anajua Desemba ilivyo. Watu wanapanda kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na hata Nairobi, magari yanapishana kwa taabu kutoka Himo kuja juu, na vihamba, yaani mashamba ya ukoo yenye nyumba zetu, vilivyokuwa kimya mwaka mzima vinajaa sauti za wajukuu. Ndiyo maana kamati ya maktaba ilipokaa mwezi Agosti kupanga harambee, tarehe haikutusumbua. Jumapili ya kwanza baada ya Krismasi, ibada ikishatoka.

Maktaba yenyewe ilikuwa vyumba viwili tu, jengo la mawe lililokuwa zamani ghala la kahawa. Viti 16. Bati zilikuwa zimeoza kwenye misumari, na masika yakianza tulifunika rafu kwa turubai. Hata hivyo vitabu vya chini viliota ukungu. Kuanzia Agosti, vijana wa kidato cha nne wanapojiandaa na mtihani wa taifa, wengine walisomea nje ukutani wamekalia ndoo. Mimi nimefundisha mpaka nikastaafu, na kuona mtoto anasoma Kemia juu ya ndoo kuliniuma. Wakanichagua mweka hazina.

Nyumba ya kwanza niliyobisha hodi, mwenye nyumba alinikaribisha, akanipa kiti, kisha akauliza: "Mwalimu, ule mchango wa mwaka ule ulikwenda wapi?" Alisema juu ya mchango mwingine kabisa, wa kazi nyingine, ambao watu walitoa na hawakuwahi kusomewa hesabu. Sikuwa na jibu. Nyumba ya tatu nikaulizwa hilohilo.

Tukarudi kikaoni. Kwa kuwa jengo ni mali ya halmashauri, tuliambiwa tufuate utaratibu wa force akaunti, yaani kujenga wenyewe kwa mafundi wa kawaida bila mkandarasi: kamati ya ujenzi peke yake, ya manunuzi peke yake, ya mapokezi peke yake, na mtu wa kamati moja asiingie nyingine. Mwanzoni niliona tunacheleweshwa. Baadaye utaratibu huo ndio ulionipa la kujibu kila nilipoulizwa. Mhandisi akatupigia makadirio: shilingi milioni 27, pamoja na chumba kipya cha kusomea. Tuliyageuza makadirio hayo kuwa vitu. Bati 96, moja shilingi 32,000. Tofali 2,400, moja shilingi 1,600. Saruji, madirisha, viti. Karatasi tukaibandika mlangoni mwa maktaba na kwenye mbao za matangazo, na kila kitu kilichopatikana tulikikata kwa kalamu nyekundu watu wakiona.

Siku ya harambee ilianza kwa mnada, kama kawaida yetu. Jogoo mmoja aliuzwa mara tano, kila anayemnunua anamrudisha mezani auzwe tena. Kijana mmoja aliyetoka Dar akasimama akauliza, kwa heshima kabisa, maktaba ya nini wakati vitabu viko kwenye simu. Niliomba nimjibu mwenyewe. Nilimwambia kwamba mwaka 1979 nilikuwa mwanafunzi, naishi kwa mjomba wangu Ilala, tumo saba kwenye chumba kimoja. Jioni nilikwenda Maktaba Kuu, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Vitabu vya shule nilikuwa navyo. Nilichofuata kule ni meza, taa na ukimya. Simu haimpi mtoto meza. Kijana alikaa, akazungumza na mkewe, kisha akaahidi madirisha mawili.

Jioni mshereheshaji akatangaza zaidi ya milioni 26 na watu wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa mezani na sanduku mbele yangu. Taslimu ilikuwa shilingi 6,840,000. Zilizobaki, shilingi 19,350,000, zilikuwa ahadi.

Kazi ilianzia hapo, na kama unapanga harambee, hapa ndipo pa kuweka mtu mwenye subira. Nilinunua daftari kubwa nikalichora safu: jina, simu, alichoahidi, alisema lini, alicholeta. Kufika tarehe 10 Januari milima ilikuwa imebaki na sisi wenyeji. Nilipiga simu chache nikaacha. Januari ni mwezi wa ada, na kumdai mzazi mchango wiki hiyo ni kumwonea. Nikahamia mwisho wa mwezi, tarehe 26 hadi 30, mishahara inapotoka. Wala sikuuliza "utatoa lini". Nilisema: "Shikamoo kaka, habari za huko? Bati 41 zimeshaingia stoo, nakutumia picha ya stakabadhi." Nikikata simu hapo, wengi walipiga wenyewe.

Mmoja alitaka atume kwenye simu yangu kwa sababu benki ni mbali na kazini kwake. Nilikataa. Akaunti ilikuwa na saini tatu, na fedha ya maktaba haikutakiwa kulala kwenye simu ya mtu hata usiku mmoja. Alikasirika. Baada ya wiki mbili aliweka benki, tena na zaidi kidogo.

Ahadi nyingine ziligeuka. Mwenye karakana ya mbao alikuwa ameahidi milioni moja, biashara ikamwendea vibaya, akaanza kunikwepa sokoni. Nilimfuata nikamwambia alete mbao. Alileta za kenchi, mgrivea uliokauka vizuri, kamati ya mapokezi ikazihesabu moja moja, fundi akazipa bei, na safu yake ikajaa. Ningeng'ang'ania taslimu ningempoteza yeye na mbao zake.

Mama mmoja anayeuza ndizi mbivu aliahidi tofali kumi. Kila siku ya gulio alinipa shilingi 2,000, na kila mara nilimwandikia stakabadhi. Siku ya nane alifungua pindo la khanga, akatoa stakabadhi zote zikiwa zimebanwa kwa pini ya nywele, akanipa: "Nisomee, mwalimu." Nilimsomea zote nane, tarehe na kiasi. Akauliza tofali zake ziko wapi. Tulikwenda naye mpaka kwenye ukuta mpya, fundi akamhesabia kumi za mstari wa pili kutoka chini, upande wa dirisha. Alizipitisha mkono, akajitwisha beseni lake akarudi sokoni.

Februari fundi mkuu alitaka tuezue paa la zamani. Tulikuwa na bati 70 stoo na masika yanakuja Machi. Nilisimama kidete: haliondoki bati hata moja mpaka zitimie 96. Tukajenga kwanza chumba kipya, na masika yale tukarudia turubai. Nilisemwa sana. Lakini mvua ya huku si ya kubahatisha nayo, na vitabu vilivyobaki havikuwa vya kuchezea. Bati ya 96 iliingia mwishoni mwa Mei. Juni tuliezua Jumatatu, Ijumaa jengo lote lilikuwa limefunikwa.

Sasa viti ni 46, na Agosti hii hakuna aliyekalia ndoo. Sehemu ya watoto bado. Vitabu vyao vimo kwenye maboksi kwa kuwa rafu fupi hazijatengenezwa. Kwenye daftari zimebaki ahadi za shilingi 2,150,000, majina kumi na moja. Tarehe 26 nitaanza kuwapigia tena.